Barua Isiyo na Salamu

Nilifika Tunduma nikiwa najua kila kitu. Nilikuwa na stashahada ya kompyuta kutoka chuo kimoja cha Mbeya, kompyuta mpakato iliyopasuka kona, na mashati mawili ya ofisini ambayo mama yangu mzazi alinionya nisiyafue pamoja. Nilipata kazi kwa wakala wa forodha mwenye chumba kimoja karibu na mpaka, mahali ambapo foleni ya malori ilikuwa inaanza kabla hatujafungua na inaendelea baada ya kufunga. Tulikuwa watatu: bosi, mimi, na mama mmoja wa Kinyiha kutoka Mlowo ambaye madereva, maofisa na wateja wote walimwita Mama. Nami nitamwita hivyo hapa.

Mama ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa wakati ule nisingekubali kwamba kuna mtu ananifundisha. Alikuwa na rula ya mbao iliyofutika namba kwa kushikwa. Kila waraka ulioingia, aliuweka mezani, akalaza rula chini ya mstari wa mwisho kabisa, akasoma, akaweka alama ya vema kwa penseli, kisha akapandisha rula mstari mmoja juu. Alisoma kuanzia chini kwenda juu. Nilipomuuliza kwa nini anasoma kinyumenyume, alisema watu wakiandika wanachoka wakifika chini, kwa hiyo makosa yote huwa yanaishi huko. Nilicheka. Mimi nilikuwa nasoma nyaraka kwa kuzitupia jicho, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Tulitofautiana pia kwenye barua pepe. Ofisi ilikuwa na anwani moja tuliyoitumia wote, na nywila yake iliandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kioo cha kompyuta. Mama akimwandikia mteja wa Zambia, alianza na "Mwapoleni mukwai", salamu ya Kibemba, akauliza habari za mke, watoto na mvua, akaeleza kwamba huku kwetu wazima, ndipo alipofika kwenye shida ya lori. Barua ya kusema tela limekaguliwa ilikuwa inachukua robo saa. Mimi niliambatisha karatasi, nikaandika namba ya lori kwenye kichwa cha habari, nikatuma. Ndani hapakuwa na neno hata moja. Mama aliwahi kuniambia kwamba barua za namna hiyo ni sawa na mtu anayeingia nyumbani kwa watu, anaweka mzigo sebuleni, anaondoka bila kufungua mdomo. Nikamjibu kwamba wateja wana haraka. Akasema, "Haya, baba, mwenye haraka ni wewe."

Sasa, tulikuwa na wateja wawili wa matairi, mmoja wa Lusaka na mwingine wa Kitwe. Walikuwa hawapatani hata kidogo. Kila mmoja alificha anakonunua matairi yake kama mtu anavyoficha mahali pa kuchuma uyoga, na wote wawili walituamini sisi kwa kuwa nyaraka zao zilipitia mikononi mwetu. Siku ya Alhamisi asubuhi yule wa Lusaka akapiga simu akifoka. Mpinzani wake wa Kitwe alikuwa ameanza kujigamba mjini kwamba sasa anakijua kiwanda, na alikuwa na karatasi zote mkononi. Zilikuwa zimemfikia Jumanne mchana, saa saba na dakika kumi na mbili kwa saa za kwetu, kutoka kwenye anwani ya ofisi yetu.

Bosi alikata simu, akakaa. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema ama kuna mtu kati yetu ameuza siri za mteja, ama kuna mtu ametuingilia, na kwamba akikosa jibu mpaka Jumatatu mteja wa Lusaka atahamisha malori yake yote, na wengine watamfuata. Aliniuliza kama nilimtumia chochote yule wa Kitwe. Nikasema ndiyo, nilimtumia karatasi zake mwenyewe Jumanne asubuhi, karibu saa nne, na hiyo ya saa saba siijui. Nilisema kweli kadiri nilivyoijua. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza mteja wa Kitwe ni barua ngapi zimemfikia.

Hapo nikaona nafasi yangu ya kung'aa.

Nilimweleza bosi kwamba kila barua pepe ina kichwa kilichojificha ambacho watu hawakioni. Kila mtambo unaoipokea njiani unagonga muhuri wake, kama pasi ya dereva inavyogongwa kila mpaka, na kila muhuri mpya unawekwa juu ya ule wa zamani. Katika mihuri hiyo mna anwani za mtandao. Tukizipata, tutajua barua ilianzia wapi. Bosi akamwomba yule wa Kitwe airudishe barua ile nzima pamoja na kichwa chake, na yeye, kwa raha ya mtu anayetazama wenzake wakigombana, akaituma ndani ya saa moja. Nikaichapa. Ilikuwa ukurasa mzima wa herufi na namba zilizobanana, na barua yenyewe, chini ya yote hayo, haikuwa na neno.

Kuusoma ukurasa ule kwa macho niliona ni kazi ya watu wa zamani. Nikaandika ruwaza, yaani maelezo mafupi unayoipa kompyuta kuhusu umbo la kitu unachokitafuta, ikutafutie yenyewe. Anwani ya mtandao ina umbo lake: namba nne, kila moja ya tarakimu moja mpaka tatu, zimetenganishwa na nukta. Mara ya kwanza ruwaza yangu ilinasa hata vitu visivyo anwani, maana toleo la programu ya barua nalo liliandikwa kwa namba na nukta. Nikaibana, nikaiambia iruke mstari wa programu na isikubali namba iliyozidi mia mbili hamsini na tano. Ikabaki na anwani tano. Moja ilikuwa 192.168.1.7, ambayo ni anwani ya ndani, ya aina inayopatikana kwenye maelfu ya nyumba na ofisi na haimtambulishi mtu. Nikaitupa. Zikabaki nne. Ya chini kabisa, ile ya kuanzia safari, nikaitafuta ni ya nani. Ilikuwa ya kampuni ya simu ya Zambia.

Bosi na Mama walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nilizungusha kiti, nakumbuka hivyo kwa aibu, nilikizungusha kabisa, nikasema, "Imetoka Zambia, bosi. Aliyeituma alikuwa upande wa pili."

Sikuwa nimefikiria maana yake. Bosi alifikiria mara moja. Jumanne Mama alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, tangu saa mbili asubuhi kufuatilia lori lililokwama, akarudi jioni. Simu yake ilikuwa na laini ya Zambia na anwani ya ofisi, kwa sababu bosi mwenyewe alimwekea ili aweze kutuma karatasi akiwa mpakani. Bosi akamtazama. Mimi nikaangalia kibodi.

Mama aliomba ule ukurasa. Akausoma pale aliposimama, akifuata kwa kidole kuanzia chini. Kisha akaurudisha kwangu, siyo kwa bosi, akasema, "Barua hii haina salamu. Mimi sijawahi kumwandikia mtu bila kumsalimu."

Bosi alisema mtu anayeiba hasalimii. Akamwomba funguo, akamwambia akae nyumbani mpaka Jumatatu, na Jumatatu ataamua. Ilikuwa wazi ataamua nini. Mama alikuwa amefanya kazi pale tangu ofisi ilipokuwa meza moja kwenye baraza la duka la mtu, na kwenye mji wa mpakani wakala akishasemwa kwamba anauza siri, hakuna wa kumwajiri tena. Alikusanya kikoi chake na chupa yake ya chai. Rula hakuichukua. Aliiweka juu ya meza yangu, akaondoka.

Ijumaa nilifanya kazi za watu wawili na nikazifanya vibaya. Nilijiambia kwamba mimi sikumshtaki mtu, ni anwani imesema. Hiyo sentensi niliirudia mara nyingi mno kwa mtu asiye na hatia.

Jumamosi mchana nilikwenda kula kwa mama lishe aliye nyuma ya ofisi yetu, ubwabwa na maharage. Nikiwa katikati ya sahani simu ikatetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe wa kunikaribisha Zambia na kunitakia safari njema, na saa ya simu ikarudi nyuma kutoka saa saba mpaka saa sita. Mtu wa Tunduma hahangaiki na jambo hilo. Minara ya upande wa pili ina nguvu, simu zinahama nchi na kurudi hata mara kumi kwa siku wakati mwenyewe umekaa tu, na wageni wakikosa basi kwa sababu ya saa tunawacheka. Nilikuwa nimeshacheka na kuuweka ujumbe pembeni, kijiko kimeelekea mdomoni, kisha nikakirudisha kwenye sahani.

Nilikuwa nimekaa Tanzania, nakula wali wa Tanzania, na simu yangu ilikuwa Zambia. Katika mji wote ule, mimi msomi wa kompyuta ndiye niliyesahau jambo ambalo mama lishe yule angenieleza bila kuacha kukoroga chungu.

Nikaacha chakula. Ofisini, juu ya dirisha linalotazama mpakani, kulikuwa na kisanduku cha intaneti chenye laini ya Zambia. Bosi alikiwasha kila mtandao wetu ulipokatika. Nilikuwa nakipangusa vumbi kila asubuhi kwa mikono yangu. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaangalia kisanduku kile kimeipa anwani gani ya ndani. 192.168.1.7. Ile ile niliyoitupa.

Nikauchukua ukurasa uliochapwa, nikaulaza mezani. Rula ya Mama ilikuwa pale pale alipoiacha. Nikaiweka chini ya mstari wa mwisho wa kichwa kile, nikaanza kupandisha.

Mstari wa tatu kutoka chini ulikuwa wa tarehe. Ruwaza yangu iliuruka kwa sababu haukuwa na umbo nililoagiza. Tarehe hiyo huandikwa na kompyuta ya mtumaji pale anapobonyeza kutuma, siyo barua inapoondoka. Ulisema Jumanne, 09:51, na mbele yake +0300. Hiyo ni saa ya kwetu. Simu iliyo Nakonde ingeandika +0200. Kwa hiyo barua iliandikwa saa tatu na dakika hamsini na moja asubuhi, kwenye kompyuta ya ofisi, mtandao ukiwa umekatika. Ikalala humo ikisubiri. Saa saba bosi alipowasha kile kisanduku ili asome habari zake, ikaondoka yenyewe kupitia Zambia. Na Jumanne saa tatu na dakika hamsini na moja bosi alikuwa kwenye yadi ya malori, Mama alikuwa Nakonde, na kwenye kiti hiki alikuwa amekaa mtu mmoja.

Nikafungua barua zilizotumwa. Ilikuwepo, barua yangu ya kwa mtu wa Kitwe, yenye namba ya lori kwenye kichwa cha habari na ndani tupu. Alhamisi niliiona, sikuifungua. Kwa nini nifungue kitu ninachokijua? Sasa nikafungua kiambatisho. Zilikuwa karatasi za Lusaka. Nilichagua faili la jirani, nikatuma bila kutupia hata jicho. Hapakuwa na barua mbili. Ilikuwa moja, na ilikuwa yangu.

Niseme kweli, niliogopa, na jambo la kwanza nililofikiria halikuwa Mama. Nilifikiria kwamba hakuna mtu mwingine pale anayeweza kusoma ukurasa ule. Ningeweza kuukunja, Jumatatu ingefika, na jambo lingekwisha. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kilichonizuia si wema. Ni ile rula. Ilikuwa imelala chini ya mstari wa tarehe, na nilijua kwamba kila nitakaposoma waraka maisha yangu yote nitaiona.

Nikatembea mpaka yadini, nikamkuta bosi kati ya malori mawili, nikamweleza yote nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza tena, polepole, kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akatazama upande mwingine, nafikiri yeye naye alikuwa anaona aibu, maana funguo za Mama zilikuwa mfukoni mwake. Akaniambia niende nikamwambie Mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, halafu Jumatatu tuje ofisini wote wawili.

Jumapili baada ya ibada nikashuka Mlowo. Nilielekezwa mpaka nyumbani kwake, nikamkuta bado na nguo za kanisani, kanga imefungwa juu yake, anageuza kahawa kwenye kichanja na kuchagua punje mbovu. Nikaanza kumwaga maneno nikiwa bado sijafika hata karibu: Mama, ni mimi, barua ile ni mimi niliyeituma.

Hakuinua kichwa. "Salimia kwanza," akasema.

Nikasimama. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza nimeamkaje, nyumbani wanaendeleaje, mama yangu mzazi hajambo, huko Tunduma mvua imenyesha. Nilijibu yote, moja baada ya jingine, na sijui ni nini kilichotokea ndani ya salamu zile, lakini zilipokwisha niliweza kueleza vizuri. Alinisogezea nafasi kwenye kichanja. Nikaeleza huku nachagua kahawa: kisanduku cha dirishani, anwani niliyoitupa, mstari wa tarehe, faili la jirani. Nilipomaliza nikamwomba msamaha.

"Nilijua ni wewe," akasema.

Nikamuuliza alijuaje, naye hakuwa ameona chochote zaidi ya ukurasa ule.

"Ofisini tuko watatu. Bosi hajui kuambatisha karatasi, kila siku ananiita mimi. Mimi natoa salamu. Hesabu mwenyewe amebaki nani."

Alikuwa amefanya kwa kidole, wima, kwa muda wa dakika mbili, kazi niliyoifanya mimi kwa saa tatu nikakosea. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema palepale. Akatupa punje mbovu kwa kuku.

"Ningesema, bosi angesema najitetea, na wewe ungebaki unaamini mashine yako. Nikaona nikuachie rula, nione kama utasoma mpaka chini. Lakini usidhani mimi ni malaika, baba. Ningekungoja mpaka Jumatatu tu. Jumatatu ningekutaja mbele ya watu, na ningekutaja vizuri."

Nilicheka huku nalia, na yeye akacheka. Akanipa viazi na chai ya maziwa, na begi la ndizi la kumpelekea mama yangu ambaye hakuwahi kumwona.

Jumatatu tukaingia pamoja. Bosi alimrudishia funguo na kumwomba radhi, kwa maneno machache ambayo yalimgharimu. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimeshaweka mashati yangu kwenye begi. Mama akamwambia kwamba akiniondoa mimi ataajiri mwingine, na huyo mwingine naye atalazimika kukosea upya, wakati mimi kosa hili nimeshalimaliza. Bosi akasema nianze kwa kuandika barua ya kuomba radhi kwa mteja wa Lusaka. Niliiandika na Mama kaketi pembeni. Ilianza na "Mwapoleni mukwai", ikauliza habari za mke, watoto na mvua, na ilipofika kwenye kosa ikasema kosa ni langu na jinsi lilivyotokea. Yule mzee alihamisha nusu ya malori yake, akabakiza nusu. Baadaye alizoea kuuliza, kila alipopiga simu, kama yule kijana wa salamu yupo.

Sasa nina kazi nyingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusoma vichwa vya barua pepe za watu na kutafuta zilikotoka. Ruwaza ninazo nyingi, nzuri kuliko ile ya kwanza. Kila nikimaliza kuzitumia nachapa ukurasa na kuusoma kwa rula kuanzia chini. Vijana ninaofanya nao kazi wananitania, na nawaacha. Mkate ninaokula umetoka kwa mwanamke niliyemharibia jina kwa siku tatu, na siwezi kulikumbuka hilo bila kushukuru.

Ukurasa ule wa siku ile ninao bado. Jumatatu, barua ya radhi ilipokwisha kuondoka, Mama aliniomba niulete. Akauweka mezani, akachukua rula yake, akaanza chini kama kawaida yake, mstari kwa mstari, na penseli mkononi. Alipofika kwenye mstari wa tarehe, ule ulionitaja mimi, akausoma mara mbili. Kisha akaweka alama ya vema, akapandisha rula.